Ujira wa Fundi: Nani Ameshika Mizani?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeinua mbingu na akaweka mizani ili watu wasimamishe uadilifu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu na dada zangu wanafunzi, makala hii imetokana na swali nililoulizwa baada ya darsa yetu ya Alasiri. Aliyeuliza ni mwenzetu wa mwaka wa mwisho. Alisema: "Fundi amenitoza faranga 45,000 kwa kutengeneza laptopu yangu. Kipuri alichobadilisha kinauzwa faranga 3,000. Je, si amenila?" Kabla sijafungua mdomo, nusu ya waliokuwepo walikwishajibu: "Amekula. Mwizi huyo."

Nimeona tulitazame swali hili vizuri, kwa sababu hakuna mwanafunzi Kigali asiyepitia kwa mafundi hawa. Kioo cha simu kimepasuka, tundu la chaji limelegea, betri imevimba, laptopu imezima usiku wa kuamkia mtihani. Tunashuka mjini, tunakwenda Nyabugogo au Kimironko, au tunaulizia fundi hapa hapa Nyamirambo, tunakabidhi kifaa chenye maisha yetu yote ndani yake, kisha tunaondoka na mawazo mawili: tumetengenezewa, au tumeibiwa. Na mara nyingi hatuna mizani ya kutofautisha moja na jingine. Dini yetu imetupa mizani hiyo.

Kesi yenyewe

Laptopu ya mwenzetu ilikataa kuwaka, na tasnifu yake ilikuwa ndani, wiki mbili kabla ya siku ya kuiwasilisha. Akaipeleka kwenye kibanda kimoja katikati ya jiji. Fundi akaitazama, akasema, "Niachie, nitakupigia." Mwenzetu hakuuliza bei na fundi hakutaja. Kesho yake akapigiwa: iko tayari, njoo na 45,000. Akabishana, akashindwa, akalipa kwa MoMo kwa sababu hakuwa na la kufanya. Usiku huo mwenzake wa chumbani, anayesoma uhandisi, akamwambia kipuri chenyewe ni cha faranga 3,000. Hapo hasira ikapanda. Picha ya fundi, pamoja na kibanda chake, ikawekwa kwenye kundi letu la WhatsApp, na chini yake maneno: "Jihadharini na mwizi huyu." Kutoka kundi letu ikaenda makundi mengine.

Mmoja wetu alipouliza kama hiyo si ghiba, akajibiwa kwamba fundi yule si Muislamu, kwa hiyo hakuna tatizo. Maneno hayo yalinitisha kuliko zile 45,000. Katika Sura Al-Maida Mwenyezi Mungu ametukataza wazi kabisa: chuki yetu kwa watu isitupeleke tukaacha kuwafanyia uadilifu, kwani uadilifu ndio ulio karibu zaidi na ucha Mungu. Na Mtume (S.A.W.) ameahidi kwamba yeye mwenyewe atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa Muislamu anayemdhulumu asiye Muislamu anayeishi naye kwa amani. Hebu fikiri: unasimama mbele ya Mwenyezi Mungu, na anayekushitaki ni Mtume wako, kwa ajili ya fundi wa simu wa Kigali. Sasa hili si suala la 45,000 tena.

Upande wa pili haujasema

Mtume (S.A.W.) alipomtuma Ali (R.A.) kwenda Yemen kuwa kadhi, alimuusia kwamba wanapokaa mbele yake mahasimu wawili asihukumu mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza, kwa kuwa hapo ndipo hukumu itakapomdhihirikia. Nami nilimwambia mwenzetu: mimi siwezi kukuambia umedhulumiwa au hukudhulumiwa. Twende kwa fundi.

Tulikwenda Jumamosi, watu watatu. Kwanza tulipita kwenye vibanda vingine vitatu, tukaeleza tatizo lile lile na kuuliza bei. Wa kwanza akasema 25,000, wa pili 30,000, wa tatu 35,000. Wote watatu walisema neno moja: "Mpaka niifungue kwanza nione." Kisha tukaenda kwa fundi mwenyewe.

Alikuwa na habari za picha, na hakufurahi kutuona. Lakini alitukalisha akaeleza. Tundu la chaji lilikuwa limekufa, na hilo kweli ni la faranga 3,000. Ila lilipokufa liliunguza njia ya umeme kwenye bodi. Alikaa saa nne kwenye hadubini akitafuta mahali palipokatika, akabadilisha vipande viwili vidogo kuliko punje ya mchele, alivyovitoa kwenye bodi ya laptopu mbovu aliyoinunua kwa ajili hiyo. "Huyu rafiki yenu alitaka laptopu iwake bila kupoteza kazi yake," akasema. "Imewaka. Kazi imo." Tukamwuliza kwa nini hakumweleza hayo. Akasema, "Hakuniuliza. Wateja hawataki maelezo, wanataka bei ishuke."

Bei haipimwi kwa kipuri wala kwa dakika

Kosa la kwanza tunalofanya ni kuchukua bei ya kipuri sokoni, kuitoa kwenye bei ya fundi, kisha kuita kinachobaki wizi. Hivyo sivyo sharia inavyoutazama ujira. Katika fiqhi, kipuri ni mauzo na kazi ni ijara, yaani ukodishaji wa manufaa ya mtu. Kila kimoja kina thamani yake. Mtume (S.A.W.) alipopigwa chuku na Abu Taiba alimlipa pishi moja ya tende. Abu Taiba hakumuuzia Mtume kitu chochote cha kushika mkononi. Alilipwa kwa ujuzi wake na mkono wake.

Ndani ya bei ya fundi mna mambo ambayo sisi hatuyaoni. Mna kodi ya kibanda na umeme. Mna kodi ya serikali, kwa mwenye kutoa risiti ya EBM. Mna nauli ya kipuri, kwani Rwanda haina bahari: kipuri kimetoka Dubai au China, kimeshuka Dar es Salaam au Mombasa na kusafiri kwa lori, au kimekuja kwa ndege. Mna vifaa vyake: mashine ya hewa moto, hadubini, chuma cha kuchomelea risasi. Mna hasara ya vioo vilivyopasuka mkononi mwake akavilipa. Na juu ya yote mna miaka aliyokaa akijifunza, mingi yake bila mshahara, akifagia kibanda cha fundi mwingine.

Tena dakika chache si hoja. Fundi anayemaliza kazi kwa dakika kumi kwa sababu ameifanya mara mia tano hastahiki kulipwa pungufu ya yule anayehangaika nayo siku nzima. Tukisema alipwe kwa dakika, tutakuwa tunaadhibu umahiri na kuzawadia ubabaishaji.

Ghali si lazima iwe dhulma

Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei. Akakataa, akawaambia kwamba Mwenyezi Mungu ndiye apangaye bei, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhulma ya damu wala ya mali. Tazama jambo hili: Mtume aliona kumlazimisha mfanyabiashara bei asiyoridhia kuwa kunaweza kuwa dhulma. Kwa hiyo fundi ana haki ya kutaja bei yake hata ikiwa juu ya jirani yake, na wewe una haki ya kuondoka. Sura An-Nisaa imetuwekea msingi: tusiliane mali zetu kwa batili, isipokuwa iwe ni biashara ya kuridhiana.

Basi swali la kwanza si "ni ghali?" bali ni "tuliridhiana?" Na ridhaa haipo bila elimu. Huwezi kuridhia usichokijua. Hapo ndipo penye fundo la mas'ala yetu.

Mfano wake umepata kutokea kwa wakubwa zaidi kuliko fundi wa kibandani. Mwishoni mwa mwaka 2017 kampuni ya Apple ya Marekani ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zikipunguza kasi ya baadhi ya simu za iPhone zenye betri zilizochakaa. Ikaomba radhi, na bei yake ya kubadilisha betri nje ya dhamana ikashushwa kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka uliofuata. Betri ni ile ile na kazi ni ile ile. Lakini kilichowaudhi watu zaidi si dola 79. Waliudhika kwamba mtu mwenye simu nzito alidhani imezeeka, akawaza kununua mpya, na hakuna aliyemwambia kwamba tatizo ni betri. Wangeambiwa mapema, wangepima wenyewe.

Mteja asiyejua ni amana

Wanachuoni wetu wana jina kwa mteja wa namna hii. Wanamwita mustarsil: asiyejua bei ya kitu wala hajui kupatana, anayemwachia muuzaji kwa kumwamini. Kila mmoja wetu ni mustarsil mbele ya laptopu iliyofunguliwa. Tunatazama bodi ile kama mtu asiyejua kusoma anavyotazama kitabu.

Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuupokea msafara na kununua bidhaa kabla wenye mali hawajafika sokoni. Kwa nini? Kwa sababu msafiri hajui bei ya mjini. Na akampa msafiri huyo hiari: akifika sokoni na kujua, anaweza kuvunja mauzo. Dini imesimama upande wa asiyejua. Kutokujua kwake hakukufanywa ngawira ya anayejua.

Wanachuoni wakatofautiana baada ya hapo. Wengi wao, wakiwemo Mashafi'i, hawavunji mkataba kwa sababu ya ughali peke yake ikiwa hakuna udanganyifu. Mahanbali wanampa mustarsil hiari ya kurudisha akipunjwa kupita kiasi kinachozoeleka, na wapo waliokadiria kiasi hicho kwa thuluthi. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyehalalisha uongo. Fundi akisema "nimeweka kipya" naye ameweka kilichotumika, au akisema bodi imeungua kumbe ni waya umechomoka, hapo hatuzungumzii tena ughali. Hiyo ni ghushi. Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya fungu la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta umajimaji, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Kisha akasema kuwa mwenye kughushi hatokani naye. Kile kipuri cha zamani ndicho umajimaji wa fungu lile. Fundi mwaminifu anakiweka mezani ukione.

Na kama unafikiri uaminifu wa namna hiyo hauwezekani, kumbuka habari ya Jarir bin Abdillah (R.A.), ambayo Imamu Nawawi ameitaja katika sherehe yake ya Sahihi Muslim. Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa 300. Jarir alipomwona farasi akamwambia muuzaji: farasi wako ni bora kuliko bei hiyo. Akaendelea kumpandishia mpaka akamlipa 800. Alipoulizwa, akasema alimpa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Hapa asiyejua alikuwa muuzaji na anayejua alikuwa mnunuzi. Jarir hakuifanya elimu yake kuwa mtego.

Ujira usiotajwa

Turudi kwa mwenzetu. Yeye na fundi hawakutaja bei. Hukumu yake ni ipi?

Mas'ala haya ni ya zamani kuliko umeme. Imamu Nawawi ameyataja katika Minhaj: mtu amempa dobi nguo afue, au fundi cherehani ashone, na ujira haukutajwa. Kauli aliyoitanguliza ni kwamba hana ujira. Kauli nyingine ni kwamba anao. Na ya tatu ni kwamba akiwa mtu anayejulikana kwa kazi hiyo ya malipo basi anastahiki, na kama sivyo hastahiki. Nawawi akaashiria kuwa kauli hii ya tatu yaweza kuonekana nzuri. Fundi mwenye kibanda, mwenye bango mlangoni, hawezi kudhaniwa kwamba anafanya kazi kwa sadaka. Basi anastahiki ujira. Ujira gani? Si ule autakao yeye, wala si ule autakao mteja. Ni ujira wa mfano, yaani kile wanachotoza watu wa kazi hiyo, mahali hapo, wakati huo, kwa kazi ya kiwango hicho.

Ndiyo maana tulipita vibanda vitatu kabla. Tulipata 25,000 hadi 35,000. Fundi wetu alitoza 45,000. Kazi yake ilikuwa ngumu, kwa hiyo hatukuona haki kumshusha chini ya yule wa juu kabisa. Lakini pia hakuwa na hoja ya kupita hapo, maana hakuna bei aliyokubaliwa. Tulimweleza hivyo kwa utulivu, bila kutaja aya wala hadithi, kwa lugha ya soko tu. Akanyamaza kidogo, akatoa simu, akarudisha faranga 10,000.

Faranga 10,000 zilirudi siku ile ile. Picha haijarudi. Mwenzetu aliifuta kwenye kundi letu, akaomba radhi pale pale, na akaandika makundini kwamba fundi yule si mwizi. Lakini picha imekwishapita simu tusizozijua, na maneno ya kusafisha hayatembei kwa kasi ya maneno ya kuchafua. Fundi alituambia wapo wateja waliokuja kuchukua vifaa vyao kabla havijaguswa. Nani atawarudisha hao? Sura Al-Hujuraat imetuamrisha kuhakiki habari, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta kwa tuliyoyatenda. Ni kweli, aliyedhulumiwa ameruhusiwa kusema. Lakini anasema baada ya dhulma kuthibiti, na anasema kwa anayeweza kumsaidia kupata haki yake. Kuwasambazia watu elfu moja kabla ya kumwuliza fundi swali moja si kudai haki.

Mpunjaji wa upande wa pili

Tunapoisoma Sura Al-Mutaffifin, tunamwona muuza mchele mwenye pishi yenye kitako kinene. Hatujioni sisi. Lakini sura imewataja wenye kupunja kwa sifa mbili zilizoungana: wanapopimiwa wao wanataka kitimie, na wanapowapimia wengine wanapunguza. Na sifa hizi mteja anaweza kuwa nazo kikamilifu.

Mteja anataka kipuri cha asili, kazi imalizike leo, dhamana ya miezi mitatu, data zote zibaki, na fundi asikosee. Anapimiwa kwa ukamilifu. Ikifika zamu yake kulipa, anaanza: "Mimi mwanafunzi, fundi wangu. Kwani umefanya nini? Umechomelea tu." Anapunguza. Au anaacha laptopu miezi miwili kibandani, akija anataka ipunguzwe bei kwa sababu "imekaa". Au analipa nusu na kuahidi nusu, kisha anabadilisha namba. Mtume (S.A.W.) ameagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi ya kudusi iliyopokewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu amesema kuwa yeye ni hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimpe ujira wake.

Tujiulize sisi wasomi jambo hili. Tunakaa chuoni miaka mitatu, minne, mitano, kisha tunataraji kulipwa kwa kile tunachokijua. Daktari atakutazama dakika tano, nawe utamlipa bila kuuliza bei ya karatasi aliyoandikia dawa. Mwanasheria atakuandikia ukurasa mmoja. Sisi wenyewe tutakaofundisha dini tutataka heshima ya elimu yetu. Kwa nini basi elimu ya fundi ndiyo pekee tunayotaka kuinunua kwa bei ya kipuri? Ikiwa mizani yetu ina jiwe moja la kupimia elimu yenye cheti na jiwe jingine la kupimia elimu ya kibandani, Nabii Shuaib (A.S.) angetuhutubia sisi kama alivyowahutubia watu wa Madyan: tusiwapunguzie watu vitu vyao.

Kabla ya kuacha kifaa

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ugomvi mwingi kati yetu na mafundi unaweza kuzuilika kwa maneno machache yanayosemwa kabla ya bisibisi kugusa msumari wa kwanza.

Uliza kwanza: ni bei gani ya kukagua tu? Hapa watu wanakosana sana. Fundi anasema, "Haikutengenezeka, lakini nipe 5,000 za kuifungua." Mteja anasema, "Hukutengeneza, nilipe nini?" Wote wawili wanaweza kuwa na haki, kutegemea mlivyokubaliana. Kama mlikubaliana kwa namna ya ju'ala, yaani zawadi kwa atakayeleta matokeo, kama lile shehena la ngamia lililoahidiwa katika Sura Yusuf kwa atakayekileta kikombe cha mfalme, basi bila matokeo hakuna malipo. Kama mlikubaliana kwamba ukaguzi ni kazi yenye ujira wake, ujira huo ni deni hata kifaa kisipopona. Msipokubaliana lolote, mtagombana.

Pili, mwambie: "Ukikuta tatizo jingine, nipigie kabla hujaligusa." Neno hili moja lingewatosha mwenzetu na fundi wake. Tatu, uliza kipuri ni kipya, kimetumika, au ni cha kuiga. Vyote vitatu ni halali kuuzwa, ila kila kimoja kwa jina lake. Nne, omba kipuri cha zamani. Ni mali yako. Ukimwachia, umemwachia kwa hiari, na akikitumia kumtengenezea mwingine una sehemu ya kheri. Tano, mpatane juu ya dhamana na upewe risiti ya EBM yenye kutaja kazi iliyofanywa. Risiti hiyo ndiyo shahidi wako na ndiyo shahidi wake.

Na je, kikiharibika mikononi mwake? Imepokewa kutoka kwa Ali (R.A.) kwamba aliwadhaminisha mafundi vitu vya watu, akiona kuwa mambo ya watu hayatengemai ila kwa hilo. Wanachuoni wametofautiana: katika madhehebu ya Shafi'i kauli yenye nguvu ni kwamba fundi hadhamini ila akizembea au akivuka mipaka. Lakini anayejitia ufundi asioujua huyo ana hukumu nyingine, kwani Mtume (S.A.W.) amesema kuwa anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu anadhamini. Vijana wenzangu mnaojifunza ufundi kwa kufungua simu za watu, liogopeni hili. Kusema "hii siiwezi" ni sehemu ya amana, na kumwelekeza mteja kwa anayeiweza ni sadaka.

Mkikosana pamoja na hayo yote, rudi kwa fundi mwenyewe kwanza, bila simu inayorekodi mkononi. Mkishindwana, tafuteni mtu wa kazi hiyo anayeaminika na nyote wawili awakadirie ujira wa mfano. Mkishindwana tena, abunzi wapo, na sheria ipo. Hizo ni njia za watu wenye heshima.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) ametuambia kuhusu wanaouziana kwamba wakisema kweli na wakabainisha watabarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka ya biashara yao hufutwa. Sharti ni kwa wote wawili. Fundi abainishe alichokiona na alichokifanya. Mteja abainishe anachoweza kulipa, na asiseme kifaa "kilizima chenyewe" hali anajua kilimwagikiwa chai. Bei itakayotoka kwenye ukweli wa watu wawili ndiyo bei ya haki, iwe 25,000 au iwe 45,000.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kutimiza vipimo tunapotoa kama tunavyovitaka vitimie tunapopokea. Zibariki kazi za mikono ya mafundi wetu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, uwape riziki ya halali na uwaepushe na tamaa. Zihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu visiandike juu ya mtu tusilolijua. Na utufanyie wepesi wanafunzi wote walio katika mitihani na tasnifu zao. Amin.

Wa billahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.